Kusafisha meno ukiwa kwenye dialisisi: uzoefu wangu

Nasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kwa muda mrefu kinywa kilinitesa kuliko hata uchovu wa mashine. Kinakauka kwa sababu maji napimiwa, ladha ya chuma haiishi, na fizi zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki. Kliniki ya kwanza niliyokwenda walinikalisha kwenye kiti na kuwasha kifaa bila kuniuliza lolote. Niliomba kushuka nikaondoka.

Nilikohamia, mtaalamu wa kinywa alianza na makaratasi: dawa ninazotumia, majibu ya damu ya karibuni, namba ya daktari wangu wa figo. Akauliza siku zangu za mashine, kisha akanipangia siku inayofuata dialisisi. Sababu ni heparini, ile dawa inayozuia damu isigande kwenye mirija. Fizi zikichokonolewa siku hiyohiyo, damu inaweza kuchelewa kukata. Kesho yake dawa imeshakwisha mwilini na sumu nazo zimepungua.

Aliposhika mkanda wa kupimia presha akauliza kwanza, "Fistula iko mkono gani?" Akaufunga mkono wa pili, maana fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa upasuaji ili mashine ipitishie damu hapo, haitakiwi kubanwa. Wagonjwa wenzangu mnajua uzito wa swali hilo. Mimi hapo ndipo nilipomwamini.

Kazi yenyewe ilikwenda taratibu. Alisafisha upande mmoja, akakandamiza shashi kwenye fizi, akangoja damu ikate ndipo akahamia upande mwingine. Ukoga mgumu nyuma ya meno ya mbele ya chini ulibanduka vipande vipande. Kwetu sisi wa figo hujijenga haraka. Kwa maumivu alinielekeza parasetamoli, nisiguse ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa zinaweza kuumiza uwezo mdogo wa figo uliobaki na kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Kasoro ipo: barua kwa daktari wa figo ilikawia sana, wakati simu moja ingetosha. Wakilirekebisha hilo, sina lawama.

Fizi zimetulia, na chakula nakisikia ladha tena. Kama uko kwenye foleni ya kupandikizwa figo, usingoje jino liume. Baada ya upasuaji utameza dawa za kushusha kinga, na usaha uliojificha chini ya jino utapata nafasi ya kusambaa. Omba kinywa kikaguliwe sasa, na uulize mapema kama wanawasiliana na daktari wako.