Apt autoremove kwa laptopu ya SSD ndogo: kabla ubonyeze Y, soma hiyo list
Haya mambo watu wangu, leo niko hapa Kondele, Kisumu, na hii laptopu mnaiona kwa meza ni ya mteja, SSD (diski ya kuhifadhi vitu) ya 128GB, iko na Ubuntu, mfumo wa Linux, jana ilikataa kabisa kusevu video juu nafasi imeisha. Wengi hapa hukimbilia kudaunilodi programu ya kusafisha, mimi nasema ngoja, ufagio uko ndani tayari, unaitwa apt autoremove.

Iko hivi. Ukiinstoli programu inakuja na pakeji zingine za kuisaidia, apt, ile programu ya Ubuntu ya kuinstoli na kutoa programu, inaziandika kwamba zimekuja kwa ajili ya mwenzao, sasa siku umetoa ile kubwa hizi ndogo zinabaki zimekaa tu kama wageni matanga imeisha na hawajaenda kwao. Na kerneli (kiini cha mfumo) za zamani pia, hizo ndio nzito. Nafungua terminal, pale pa kuandika komandi, naandika sudo apt autoremove (sudo ni ya kupata ruhusa ya admin), enta, inaleta list na kuniambia itaachilia nafasi kiasi gani.

Hapo simama, tafadhali. Juzi kwa mashine yangu nilitoa Kdenlive, programu ya kuhariri video, kuja kusoma list naona ffmpeg iko ndani, na hiyo ffmpeg ndio nakatia hizi video kila siku! Iliingia na Kdenlive kwa hivyo apt inaiona haina mwenyewe. Nikabonyeza n, nikaandika sudo apt-mark manual ffmpeg, yaani naiambia apt hii naitaka mwenyewe, nikarudia autoremove, haipo tena kwa list. Kama bado uko na wasiwasi weka -s mwisho wa komandi, inaigiza tu, haitoi kitu.

Na tafadhali usitoe python3, lugha ya programu, ati juu wewe huandiki kodi, desktopu inaitegemea, kwa hivyo itabeba desktopu nzima iende nayo.

Ya mteja ilikuwa imejaa pia faili za deb (pakeji zenyewe zilivyodaunilodiwa) kwa /var/cache/apt/archives, juu wameitumia miaka na apt-get ambayo huziacha hapo, sudo apt clean ikazimaliza. Lakini ukiinstoli tena zitadaunilodiwa upya, kwa hivyo angalia bando yako. Snapu, zile programu za Ubuntu ambazo haziji kupitia apt, haziguswi na hii, hizo utatoa na snap remove.

Mimi naipa tisa kwa kumi, moja nimekata juu haikuelezi mbona pakeji fulani iko kwa list, unaachiwa kazi ya kukisia. Sasa wacha nifungue ile video ya jana tuisevu mkiona.