Huduma ya majitaka Whitstable: bili inalipwa, bahari inachafuka

Whitstable, mji wa pwani ya Kent nchini Uingereza, unajulikana kwa chaza wake, na chaza huchuja maji anamoishi, hivyo vijidudu vya kinyesi vinavyoingia baharini huishia ndani ya nyama ambayo mlaji huimeza mbichi. Kwa hiyo huduma ya Southern Water, kampuni ya maji na majitaka ya eneo hilo, naipima hapo kwanza.

Mwaka 2021 mahakama iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 90 kwa umwagaji haramu wa majitaka katika pwani ya kusini uliofanyika mara 6,971 kati ya 2010 na 2015. Mwaka huohuo wakazi waliunda SOS Whitstable, kundi la kupinga umwagaji wa majitaka baharini, na baadhi yao wakagoma kulipa sehemu ya bili inayohusu majitaka, jambo ambalo silioni kuwa ukorofi.

Kasoro iko kwenye mabomba, ambamo mvua na maji ya vyoo hupita pamoja, kiasi kwamba mvua kubwa ikinyesha mfumo huzidiwa na ziada humwagwa baharini. Ukarabati usiotenganisha maji hayo, wala kuongeza matangi ya kutosha, ni kiraka tu. Nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu vyoo havifurikii ndani ya nyumba.