Mvuvi wa nyangumi au mwindaji wa nyangumi?

Ni neno gani limfaalo anayewinda nyangumi? Kwa usahihi, "mwindaji" linashinda: nyangumi si samaki, huzaa na kunyonyesha. Kule Lamalera, Indonesia, mrusha chusa (mkuki wa kuwindia baharini) husimama kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kisha hujirusha na chusa mkononi ili uzito wa mwili wake ukizamishe mgongoni mwa mnyama. Huo ni uwindaji hasa!

Kwa wepesi wa kueleweka, "mvuvi" lina nguvu yake. Msomaji wa pwani anaona mara moja chombo, bahari na riziki.

Ukiandika somo la biolojia, au habari za usitishaji, ulioanza 1986, wa uwindaji wa nyangumi wa kibiashara, chukua "mwindaji". Ukisimulia maisha ya wanakijiji wa Lamalera, ambao huvua na samaki pia, "mvuvi" halitakuangusha.