Boliti za kufufulia Land Rover Series III: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na boliti zake nyingi ni za inchi. Nyuzi za UNF (nyuzi nyembamba za kipimo cha Kimarekani) ndizo zimetawala, ila gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi huwa limechanganyiwa BSF (nyuzi nyembamba za Kiingereza) za Series za zamani na milimita za juzi. Kwa hiyo pima uzi kabla ya kuuliza bei. Boliti ya 5/16 ina nyuzi 24 kwa inchi ikiwa UNF, 22 ikiwa BSF. Ya 3/8 ina 24 ikiwa UNF, 20 ikiwa BSF. Nati ya M8, yaani ya milimita 8, huingia kwenye 5/16 mzunguko mmoja au miwili, kisha hukwama. Ukiilazimisha kwa spana, nyuzi zinachanika na boliti haikazi tena. Nati sahihi hufika mwisho kwa vidole.

Nafasi ya kwanza: boliti mpya ngumu zenye zinki, daraja la nguvu la 5. Hizi ndizo za springi, stering, propela na vishikio vya injini. Soma kichwa: mistari 3 ni daraja la 5, sawa na 8.8 ya boliti za milimita kwa makadirio. Mistari 6 ni daraja la 8, karibu na 10.9. Kichwa kitupu, bila mstari wala alama ya mtengenezaji, kisikaribie stering. Angalia pia shingo. Sehemu isiyo na uzi ndiyo ikae ndani ya tundu, maana uzi ukikaa hapo hutafuna tundu na ndiko boliti hukatikia. Dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga Nairobi, nenda na boliti kuukuu pamoja na nati yake.

Ya pili ni boliti asilia za gari lenyewe, zikisafishwa vizuri. Tupa iliyokonda katikati au yenye shimo la kutu. Boliti za U za springi hazirudishwi kabisa, kwa sababu zimeshavutika: nunua mpya 8 na nati 16.

Stenlesi ya A2-70 tunaiweka ya tatu, na kwa bodi tu: madigadi, sakafu, bawaba za milango. Nguvu yake ni nyutoni 700 kwa milimita ya mraba, chini ya 800 za 8.8. Bodi ni ya alumini, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa stenlesi huifanya alumini ioze ikawa unga mweupe. Weka washa ya plastiki na grisi katikati, na chagua A4, stenlesi inayohimili chumvi zaidi, ukiishi pwani. Nati ya stenlesi ikikazwa kwa mashine hung'ang'ania na boliti hukatika, basi ipake grisi ya shaba na uikaze kwa mkono, polepole.

Mwisho kabisa ni boliti za chuma laini, zile za mageti. Zinatosha kushika kibao cha namba.

Nati zenye pete ya nailoni zisikae karibu na ekzosi, joto huiyeyusha pete; hapo weka nati za shaba. Na nunua spana za inchi: kichwa cha boliti ya 5/16 ni 1/2, yaani milimita 12.7, na spana ya 13 inaweza kukimega pembe.