Daktari wa mbwa anayekuja nyumbani: yaliyotukuta na Tomi

Tomi tulimchukua kwa familia iliyokuwa inahamia Dodoma. Walisema ana "vikupe kidogo". Nilipomshusha kwenye bajaji hapa Kinyerezi, mwanangu alihesabu kupe kumi na saba kwenye sikio moja, akachoka, akaacha. Fizi nyeupe, hali chakula, anatembea anayumba.

Namba ya daktari nilipewa na jirani anayefuga mbwa wa ulinzi. Ada ya kuja ni 40,000, dawa na vipimo mbali. Aliahidi saa nne asubuhi, akatokea saa tisa alasiri. Foleni, sawa, lakini simu moja ingemgharimu nini?

Alipofika, kinyongo kilipungua. Hakuwa na papara. Alimpima joto, akatoa damu ipelekwe maabara, na majibu yakawa homa ya kupe: vidonge vya doksisaiklini kwa siku 28. Chanjo ya kichaa akakataa kumchoma siku ile, hadi mwili upate nguvu. Mwingine angechoma tu akachukua hela yake. Kisha akanionyesha nyufa za ukuta wa banda: kupe hawa hutaga humo, kwa hiyo kuogesha mbwa bila kupulizia banda ni kazi bure.

Kasoro kubwa ni maelekezo. Karatasi ilisema "apewe na chakula", basi. Mama watoto akawa anakizamisha kidonge kwenye maziwa, siku nne mfululizo, mpaka daktari alipopiga kuulizia hali na kutuambia maziwa yanazuia dawa isiingie vizuri mwilini. Jambo kama hilo huandikwa kwa herufi kubwa! Tukahamia tonge la ugali na mchuzi wa dagaa. Tomi anameza tonge, anatulia, halafu anakitema kidonge kikavu juu ya kandambili yangu. Ilibidi nijifunze kumpa tonge tupu kwanza, la pili lenye dawa, na la tatu nimshikie karibu na pua ili ameze haraka.

Kuhusu kuzoeana, ushauri wake ulikuwa mfupi: watoto wasimfuate akiwa amelala au anakula, yeye ndiye awafuate. Wiki mbili nzima alijibanza nyuma ya simtanki. Bibi yao alishanuna, "mbwa mgonjwa kwenye nyumba ya watoto?", na sikumlaumu.

Siku ya kumi na tisa akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Tomi akatoka mbio hadi getini akabweka. Bibi akaacha kuchambua mchele. "Kumbe ana sauti!" Jioni ile vichwa vya samaki vilivyobaki alivipeleka yeye mwenyewe nyuma ya simtanki.

Chanjo amechomwa wiki iliyopita. Ukimwita daktari huyu, usiombe ruhusa kazini kwa ajili ya saa nne.