Tovuti ya London Gazette: inafaa kumfuatilia afisa wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki)?

Wageni wanaofika Kongwa kuona mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza huuliza swali lilelile: wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa hapa walitoka wapi, na waliishia wapi? Meja Jenerali Desmond Harrison, aliyewahi kuuongoza mradi ule, hapati shida kuonekana vitabuni. Kazi ipo kwa makapteni na mameja. Kwa hao, pa kuanzia ni tovuti ya London Gazette, Gazeti la Serikali la Uingereza, linalotoka tangu 1665. Kusoma ni bure, na kurasa zinashushwa kwa PDF. Kama bando lako ni dogo, shusha ukurasa unaoutaka tu, achana na toleo zima.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kisanduku cha kutafutia.

Kurasa za zamani zilisomwa na mashine, na penye wino hafifu R hugeuka B. Tena ukiandika jina kamili unaweza kuambulia patupu, maana orodha za jeshi kwa kawaida huchapa herufi za mwanzo na jina la ukoo. Anza na jina la ukoo, ubane tarehe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Matoleo ya miaka ya 1940 huweka namba ya jeshi ya afisa baada ya jina, kwenye mabano. Ukishaipata, tafuta kwa namba hiyo. Mtu atapanda kutoka Luteni Usu hadi Brigedia, atahama rejimenti, namba itabaki ileile.

Kosa linalowapotezea wengi muda ni kutafuta "King's African Rifles". Afisa wa kudumu aliyekuja Keya alikuwa wa kuazimwa, jina lake likabaki kwenye rejimenti ya kwao. Matangazo ya kabla ya vita huweza kusema tu kwamba ameazimwa kutumikia chini ya Wizara ya Makoloni, Keya isitajwe kabisa. Eric Wilson, aliyepita Keya kisha akapata Nishani ya Victoria kwa mapigano ya Somalia ya 1940, yumo chini ya East Surrey Regiment. Toleo lake lina tarehe mbili, 11 na 14 Oktoba 1940. Ya kwanza ni ya gazeti mama, ya pili ndiyo siku nyongeza yake (Supplement), yenye tangazo lenyewe, ilipotoka. Siku hiyo aliaminika ameuawa. Baadaye alikutwa hai, mfungwa wa Waitaliano, na alipostaafu jeshi alifanya kazi ya utawala Tanganyika hadi 1961. Gazeti la Serikali ni hivyo: linakupa kile serikali ilichojua siku ile.

Kwa vyeo vya uzeeni, tovuti hii ina utajiri wake. Edward Twining alianza Worcestershire Regiment, akaazimwa Keya ya Uganda, akawa gavana wa Tanganyika 1949 hadi 1958, akamalizia na ubaroni wa "Tanganyika na wa Godalming katika Kaunti ya Surrey". Wengi waliishia chini ya hapo: naibu wa Lord-Lieutenant, yaani mwakilishi wa mfalme katika kaunti (herufi DL baada ya jina la naibu), au sherifu wa kaunti, heshima ya mwaka mmoja isiyo na mshahara. Hapa kuwa mwangalifu. Novemba hutangazwa majina matatu kwa kila kaunti, na hayo ni mapendekezo. Uteuzi hutoka mwaka unaofuata, kwa kawaida Machi. Ukinakili orodha ya Novemba, umemvika mtu cheo ambacho pengine hakukipata. Kabla ya Aprili 1974 andika "Sheriff" peke yake, kwa sababu "High Sheriff" ilirasimishwa kisheria mwaka huo. Cornwall na Lancashire usizitafute kwenye orodha kuu, zina utaratibu wao chini ya milki za Duchy of Cornwall na Duchy of Lancaster.

Kisichomo kabisa ni kazi za ndani ya koloni: bwana shauri (afisa tawala wa kikoloni) fulani kahamishiwa Mpwapwa au Manyoni lini. Hayo yalichapwa na Gazeti la Tanganyika lenyewe, na kwa hilo panda treni ya SGR uende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukiwa na jina, herufi zake za mwanzo na mwaka mkononi.