Dell OptiPlex 9020 SFF kwa mwanafunzi: SSD, RAM, na hapo simama

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi), OptiPlex 9020 bado zipo: mashine za ofisini za mwaka 2013, rangi imechujuka lakini chuma kizima. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, anayejifunza kuandika programu kwa Python au kuchora ramani kidogo kwenye AutoCAD, bado ni ununuzi mzuri, ila si katika hali inavyotoka dukani. Ikiwa na hadi diski (hard disk) ya zamani na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 4, kufungua kivinjari tu ni kazi. Hapa tunaipima ile ya kasha dogo, SFF, kwa sababu ndiyo inayoleta maswali mengi ikifika wakati wa kuongeza vifaa.

Soma jina lake vizuri kabla ya kulipa. Ndugu yake 3020 anafanana naye sana, lakini ana sloti mbili tu za RAM na ukomo wa GB 16. 9020 ina sloti nne na inafika GB 32. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha bonyeza F2 uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri la kampuni iliyokuwa ikiitumia, kuna jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomoa) ya PSWD kwenye madabodi, yaani bodi kuu, ya kulifuta, lakini mwachie muuzaji ahangaike nayo kabla pesa haijakutoka. Humo humo angalia prosesa: i5-4570 au i5-4590 inatosha. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ya CR2032 imekwisha, na hiyo ni bei ya soda.

Pesa ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 480. Mashine hii haina sloti ya M.2, kwa hiyo usishawishike na zile nyembamba za NVMe hata zikiwa na bei nzuri. SATA inafikia takribani MB 550 kwa sekunde, lakini tofauti utakayoisikia haitokani na namba hiyo. Inatokana na hadi diski kupoteza muda kila inaposogeza kichwa kutafuta vipande vya faili. Kingston A400 au Crucial BX500 zinatosha. Ukiuziwa SSD isiyo na jina yenye TB 2 kwa bei ya GB 240, ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuiwekea kitu: za bandia hudanganya ukubwa, na data inayozidi ukubwa wa kweli hupotea bila onyo.

Kufunga ni kazi ndogo. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, fungua kifuniko, toa kishikizo cha hadi diski. SSD haina kinachozunguka ndani, hivyo gundi ya pande mbili inaishika vizuri kama huna fremu. Usitafute waya wa umeme wa diski kwenye pawa saplai. Kwenye Dell hizi unatoka kwenye madabodi.

Panapokwama watu wengi ni BIOS. Kwenye "SATA Operation", mpangilio wa jinsi mashine inavyozungumza na diski, Dell huweka RAID On. Ukihamisha Windows ya zamani kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, usiguse mpangilio huo. Ukiubadilisha kuwa AHCI, Windows itagoma kuwaka na kuleta skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukisakinisha upya, badilisha kwanza, ndipo uchomeke flashi ya kusakinishia na kubonyeza F12 ili mashine iwake kutoka humo. Binafsi naona kusakinisha upya ni bora: takataka za mwenye mashine wa zamani za nini?

Kisha RAM. Lenga GB 16, yaani mbili za GB 8 kwenye sloti zenye vishikizo vya rangi moja, ili zifanye kazi kwa jozi. Grafiksi ya Intel HD 4600 inaazima RAM hiyo hiyo, kwa hiyo jozi inaisaidia waziwazi. Inayotakiwa ni DDR3 au DDR3L ya desktopu, 1600, isiyo ya seva wala laptopu. Mtego mkubwa uko kwenye GB 8 za bei ya kutupa zilizoandikwa "for AMD": chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel haziisomi, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaoziokoa. Mashine ikilia mara mbili, haijaiona RAM kabisa. Ikilia mara nne, imeiona lakini imeshindwa kuisoma. Itoe, safisha meno yake kwa kifutio laini, irudishe mpaka pande zote mbili zilie "tak". Ikiwaka, iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha ukiwa bado na haki ya kurudisha.

Prosesa ya i7-4790 inaingia, na nyuzi zake nane zinasaidia kwenye video. Kwa Word, kivinjari na kuandika programu hutaona tofauti. Iache.

Kadi ya grafiksi ndiyo inayokula pesa za vijana. Pawa saplai ya SFF ni wati 255, haina waya wa ziada wa kadi, na nafasi inaruhusu kadi fupi tu. GT 1030 inafaa, mradi kumbukumbu yake iwe ya GDDR5. Ile ya DDR4 ina jina lile lile lakini ni ya polepole mno. Usikubali wazo la kubadili pawa saplai: plagi ya madabodi hii ni ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, na pawa saplai ya ATX haiingii kwenye kasha. Anayetaka michezo mikubwa amekosea mashine tangu mwanzo.

Jambo la mwisho linaamua kama ununue au la. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), hii ni kizazi cha 4, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inakwenda humo vizuri sana, na LibreOffice, mbadala wake wa Word, inafungua kazi nyingi za chuo. Lakini kama kozi yako ina programu inayodai Windows 11, usitie hata shilingi kwenye 9020. Tafuta OptiPlex 3060 au 7060 za mwaka 2018, hata ikibidi uanze na GB 8 za DDR4 na kuongeza muhula ujao.